Daftari la Jumuiya na Swali Lisilomo

Jumapili ya kwanza ya Januari usharika wetu hugawa bahasha. Kila msharika huchukua yake mezani pale mlangoni, na ndani mna kadi: jina, jumuiya, namba ya bahasha, ahadi ya kanisa, ahadi ya ujenzi, ahadi ya mavuno. Mwaka huu niliijaza yangu nikiwa bado kwenye benchi, kwa kalamu ya kuazima, mchungaji akitangaza kuwa kadi zirudi kabla mwezi haujaisha. Dakika tatu zilitosha, kwa kuwa mimi ni mhasibu na tarakimu hazinichukui muda. Kisha nikaigeuza kadi. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Hapakuwa na mstari unaoniuliza mwaka huu nimekusudia kusoma nini katika Biblia, nitasali wakati gani, nimekosana na nani, wala ni kazi gani moja ya kanisa ninayoiweza na niko tayari kuibeba.

Siwalaumu walioiandika kadi ile. Kanisa lina bili ya umeme, lina mwinjilisti mwenye watoto wa kulisha, lina paa ambalo halijaisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nimekaa kwenye kamati ya fedha miaka ya kutosha kuyaona maneno hayo yakitimia. Ninalouliza ni hili: kama tunajua kuwa shilingi isiyoandikwa itapotea, ni nani aliyetuambia kwamba maisha ya kiroho yasiyopangwa yatajitunza yenyewe?

Wala watu wa Dar es Salaam hatuwezi kusema hatujui kupanga. Tazama harusi. Miezi mitano kabla ya siku yenyewe kamati imeshaundwa, ina mwenyekiti, katibu na mhazini, na kila Jumapili jioni watu wanakaa kikao kwenye viti vya kukodi wakipitia bajeti, mstari kwa mstari, kuanzia ukumbi hadi keki. Asiyetoa ahadi yake anapigiwa simu. Tazama ujenzi: mtu ana kiwanja Chanika au Bunju, mwaka huu anapandisha msingi, mwakani ukuta hadi lenta, na miaka sita baadaye bado anaweza kukuambia amebakiza bati ngapi. Tazama kina mama wa vikoba wanavyonunua hisa kila wiki bila kukosa. Lakini mkute mtu huyo huyo nje ya kanisa umuulize, kiroho unaendeleaje? Atakujibu: "Tunamshukuru Mungu, tunaendelea hivyo hivyo." Nami nimelijibu jibu hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na ninaona mipango yetu ya kiroho inakufa kwa sababu mbili. Tunaipangia saa ambazo hatunazo, na tunaipanga peke yetu, kimyakimya, bila mtu wa kutuuliza tumefika wapi. Sababu ya kwanza ni nyepesi. Ya pili ndiyo nzito, na dawa yake tunayo mikononi kwa zaidi ya nusu karne, ila tumeigeuza kuwa kitu kingine.

Nianze na saa. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa huu na watu 4,364,541. Ya mwaka 2022 ikakuta 5,383,728. Milioni moja imeongezeka ndani ya miaka kumi, na sehemu kubwa ya watu inazidi kusogea pembezoni, Mbezi, Mbagala, Kigamboni, Kivule, Goba, huku kazi nyingi zikibaki Posta, Kariakoo na barabara ya Nyerere. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni wengi tulipumua, lakini anayeshuka pale kituoni Kimara asubuhi anajua foleni ya watu inavyokuwa. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nikirudi ni saa moja usiku siku njema, saa mbili na nusu siku ya mvua. Sasa mhubiri anasimama Januari na kusema kila Mkristo atenge saa nzima alfajiri ya kusali na kusoma Neno kabla ya kutoka. Tunaitikia amina. Tunarudi nyumbani tukaseti kengele ya saa tisa na nusu. Wiki ya tatu mwili umekataa, na kinachobaki ni hatia, ambayo mtu huibeba hadi Desemba ili aje kutubu kwenye mkesha na kuahidi saa ile ile tena.

Nilifanya hivyo miaka minne mfululizo. Biblia yetu ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukitaka kuimaliza kwa mwaka ni zaidi kidogo ya sura tatu kila siku, bila kuruka hata siku ya homa. Kila mwaka nilianza Mwanzo kwa furaha, nikavuka Kutoka, nikaishia katikati ya Mambo ya Walawi, mahali penye sheria za ukoma na ukungu wa nyumba. Mwaka wa tano nikaketi na karatasi kama ninavyofanya ofisini mapato yanapokuwa madogo kuliko matumizi. Nikajiuliza siku yangu ina nini hasa, si ningependa iwe na nini. Nikaona nina dakika hamsini ndani ya basi kila asubuhi, mara nyingi nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba. Mkono haushiki kitabu, lakini masikio yako huru. Agano Jipya lina sura 260. Mwaka una wiki 52, na siku za kazi ni tano kwa wiki: tano mara hamsini na mbili ni mia mbili na sitini, haizidi, haipungui. Niliiona hesabu hiyo ikitua hivyo nikaguswa kuliko ninavyoweza kueleza. Sura moja kila siku ya kazi, kwa sauti kutoka kwenye simu. Sura ya Marko inakwisha kabla basi halijafika Ubungo, na njia iliyobaki mpaka Posta ni ya kuitafakari na kusali kimoyomoyo. Jumamosi na Jumapili ni za kufidia siku zilizoteleza.

Wapo ndugu watakaoniambia kwamba huko ni kumwekea Roho Mtakatifu ratiba, na Roho huvuma apendako. Nalisikia pingamizi hili hasa kwa vijana wa makanisa ya uamsho, na naliheshimu, kwa sababu wanaogopa dini ya mazoea, na woga huo una msingi. Lakini Danieli alikuwa na dirisha lake na nyakati zake tatu kwa siku, na amri ya mfalme ilipopigwa alifanya kama alivyokuwa akifanya tangu hapo. Luka anatueleza kwamba Bwana wetu aliingia sinagogi siku ya sabato kama ilivyokuwa desturi yake, na usiku ule wa mateso akaenda Mlima wa Mizeituni, tena kama ilivyokuwa desturi yake. Desturi ndiyo iliyompeleka bustanini saa ambayo mwili haukutaka. Na tuliolelewa katika jiji hili tuna ushahidi wa karibu zaidi. Ofisini kwetu kuna kaka Mwislamu ambaye ikifika adhuhuri hutandika mkeka wake pembeni ya kabati la mafaili. Miaka yote niliyomfahamu sijawahi kumwona akingoja hamu imjie. Nimejifunza kwake kitu ambacho nilipaswa kuwa nimekijua tangu shule ya Jumapili.

Hatari ya mazoea ipo, na walioandika ratiba za zamani waliijua kuliko sisi. Mwishoni mwa mwaka 1842 mchungaji kijana wa Dundee, Uskoti, Robert Murray M'Cheyne, aliwaandalia washarika wake kalenda ya kusoma Biblia: Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Kalenda hiyo inatumika hadi leo sehemu nyingi duniani. Wengi hawajui kwamba kabla ya kuwapa ratiba aliwaonya juu yake: kwamba watu wanaweza kusoma kwa desturi tupu, wakajiona watakatifu kwa kumaliza tu, wakasoma haraka bila kuelewa, na kwamba kwa wengine itakuwa nira nzito isiyobebeka. Alikufa Machi 1843, akiwa na miaka 29, kalenda yake haijafikisha robo mwaka. Nikiikumbuka habari hiyo naona mtu aliyewapenda watu wake kiasi cha kuwapangia siku ambazo yeye mwenyewe hakuziona. Wazee wetu wa usharika wangeweza kufanya kazi kama hiyo kwa ajili ya watu wa hapa, wanaolala saa tano na kuamka saa kumi: ratiba ya dereva wa bodaboda, ya mama lishe, ya nesi wa zamu ya usiku Muhimbili. Sijaiona bado.

Sasa nije kwenye sababu nzito.

Mwaka 1973, na tena 1976, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi. Mkutano wa 1973 ulihusu namna ya kulipanga Kanisa kwa ajili ya miaka ya 1980. Waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, mahali watu wanapoishi na kufahamiana, na mwaka 1976 wakaifanya kazi hiyo kuwa ya kwanza katika uchungaji wao. Hapa kwetu udongo ulikuwa umeshalainishwa. TANU ilikuwa imewazoesha watu kukaa kwa nyumba kumi kumi tangu miaka ya 1960, na Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limetufundisha lugha ya ujamaa. Leo hakuna parokia ya Dar es Salaam isiyo na jumuiya, na sisi Walutheri nasi tunazo, tukiziita kwa jina hilo hilo. Ni hazina. Mtu anahama kutoka Njombe au Bukoba, anapanga chumba Tabata, na ndani ya mwezi, akitaka, ana watu ishirini wanaojua jina la mtoto wake.

Lakini kaa kwenye jumuiya ya kawaida Jumamosi asubuhi uangalie saa. Yetu huanza saa kumi na mbili na nusu. Wimbo, sala, somo, neno fupi: dakika ishirini. Halafu mwenyekiti anasema, "Sasa tuingie kwenye matangazo," na hapo ndipo kikao kinapoanza kweli. Mchango wa ujenzi, mchango wa msiba, zamu ya kufagia kanisa, kadi za harusi ya mtoto wa mzee fulani, sare ya sikukuu ya wanawake, deni la viti. Katibu anafungua daftari na kusoma majina, nani ametoa, nani bado. Dakika arobaini, wakati mwingine saa nzima. Najua kwa sababu mwenyekiti huyo ni mimi, na daftari lile nililipangilia mwenyewe, safu kwa safu, na nilijivunia.

Mwaka juzi mama mmoja wa jumuiya yetu, anayeuza genge karibu na njia ya kuelekea kituoni, aliacha kuja. Tulimwandika "hayupo" wiki ya kwanza, ya pili, mpaka tukazoea. Mwezi wa tatu nilipita gengeni kwake kununua nyanya. Alinipokea kwa heshima, "Shikamoo mama mwenyekiti," akanichagulia nyanya nzuri. Nikamwuliza mbona tumempoteza. Akaendelea kupanga vitunguu mafungu mafungu, kisha akasema bila kuniangalia:

"Mama mwenyekiti, mimi nikija nasomewa deni."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimekwenda na swali la mahudhurio, na yeye akanionyesha kwamba katika miezi yote aliyokaa nasi, mahali pekee alipolisikia jina lake likitajwa ni kwenye orodha ya wasiotoa.

Kuna habari ya zamani ya Bristol, Uingereza, ambayo tangu siku ile siachi kuilinganisha na yetu. Mwaka 1742 wafuasi wa John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Nahodha mmoja wa zamani akashauri kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Wakamwambia wengi ni maskini, hawataweza. Akajibu: nipeni kumi na mmoja walio maskini zaidi, nitawatembelea kila wiki, na asiyeweza nitamlipia. Wakajigawa hivyo, watu kumi na wawili kwa kiongozi mmoja, na viongozi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya peni. Walipopita wakayaona mambo: huyu anagombana na mkewe, yule amerudia ulevi, mwingine amekata tamaa. Wesley alipoarifiwa akaelewa ameokota kitu kikubwa kuliko peni. Kile kikundi cha kukusanya deni kikageuzwa kuwa mahali pa kukutana kila wiki na kila mmoja kuulizwa habari ya nafsi yake. Uamsho wa Wesley ulidumu kwa sehemu kubwa kwa sababu ya vikundi hivyo.

Bristol walianza na deni wakaishia kwenye nafsi za watu. Sisi tulipewa kikundi kilichokusudiwa kwa ajili ya nafsi, tukakishusha mpaka kwenye deni. Nimetafuta namna ya kuisema habari hii kwa upole zaidi nikakosa.

Na hata historia yetu ya karibu inatushuhudia. Uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930, ukavuka Uganda na kuingia Buhaya, ulienea kwa watu waliokutana mara kwa mara katika vikundi, wakisimama mmoja mmoja kueleza walipoanguka na walipoinuliwa. Wazee wa Kagera walioishi na walokole wale wanasimulia kwamba mtu hakuweza kukaa mwezi na chuki moyoni bila ndugu kumwuliza. Mikutano ile ilikuwa na siku na mahali panapojulikana. Moto wenyewe ulihitaji ratiba ya kuuchochea.

Basi tulichofanya kwenye jumuiya yetu ni kidogo, na nakieleza kwa sababu kinaweza kufanyika Mbagala au Mabibo bila kibali cha mtu. Tuliacha kusoma majina ya michango. Mhazini anapokea kwa simu, anamjulisha kila mtu hesabu yake peke yake, na mwenye shida anazungumza naye pembeni. (Kama kuna kiongozi anayeogopa kwamba makusanyo yataanguka, mimi ndiye ninayepeleka hesabu usharikani: yetu hayakuanguka.) Matangazo tumeyapa dakika kumi, yanakuja mwishoni, wengine wakiwa wamesimama. Na baada ya somo tunagawanyika watatu watatu, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, kila mtu na majirani aliowachagua mwenyewe. Hapo kila mmoja anaulizwa mambo mawili: wiki hii umesoma nini, na wiki ijayo tukuulize nini.

Swali la pili ndilo lenye mpango ndani yake. Mtu analazimika kufikiri kabla ya kujibu, na anachokitaja kinakuwa kidogo na cha kweli. Mmoja alisema: niulizeni kama nimesali na mume wangu hata mara moja. Mwingine: niulizeni kama nimemaliza Waraka wa Yakobo. Kijana mmoja fundi seremala: niulizeni kama nimerudisha pesa ya mteja. Hakuna aliyesema "niulizeni kama nimekua kiroho." Watu wakiulizwa na mtu watakayemwona tena wiki ijayo, wanaacha lugha ya mimbari.

Nakiri kuna ugumu. Jumuiya zetu ni majirani, na ukuta wa nyumba ya kupanga ni mwembamba. Siri ikivuja itafika gengeni kabla ya saa nne. Tulishapata shida hiyo mara moja, ikatubidi tuwaite wahusika, na dada mmoja aliumia kwa miezi. Ndiyo maana watatu, na ndiyo maana mtu anachagua mwenyewe. Mambo mengine hayafai kusemwa hapo kabisa. Yana mchungaji wake. Wala kuuliza kusigeuke ukaguzi, kwamba aliyesoma sura tano anamtazama kwa juu aliyesoma moja. Ikifika hapo M'Cheyne atakuwa ametuonya bure.

Upande wa utumishi nao unataka kupangwa kwa namna hiyo hiyo, na hapa nina maneno kwa wenzangu walio mstari wa mbele. Mwaka 1969, alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aliwaambia wana-TANU kwamba kupanga ni kuchagua. Maana yake ni kukubali kuacha baadhi ya mambo mema. Kanisani tumekuwa hatuachi kitu. Namfahamu dada ambaye Jumanne na Alhamisi yuko mazoezi ya kwaya, Jumatano umoja wa wanawake, Ijumaa kamati ya ujenzi, Jumamosi jumuiya na kikao cha harusi, Jumapili ibada mbili kwa kuwa kwaya inaimba zote. Kila mtu humtaja kama mfano wa mshirika aliye hai. Siku moja aliniambia akilia kwamba ana mwaka mzima hajafungua Biblia isipokuwa kutafuta fungu la kusoma mbele za watu, na mwanawe wa kidato cha pili hamjui tena. Kwa macho ya ripoti ya mwaka yeye ni mafanikio.

Mitume, kazi ya kugawa chakula ilipowazidi, waliitisha mkutano wakachagua watu saba ili wao wadumu katika kuomba na kulihudumia Neno. Hawakuidharau kazi ya mezani; waliipa watu wake. Kwangu mimi kila msharika angekuwa na huduma moja iliyo wazi, yenye muda wake, tuseme miaka miwili, kisha apumzike au abadilishe. Nehemia alipoujenga ukuta wa Yerusalemu, baadhi yao walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe, na ukuta ukakamilika kwa siku 52. Kwanza alizunguka usiku kuukagua, bila kumwambia mtu. Kanisa la jiji hili, lenye watu wanaosafiri saa mbili kwenda kazini, lingeweza kujifunza hapo: mpe mtu kazi iliyo karibu na mlango wake. Anayeishi jirani na zahanati atembelee wagonjwa wa zahanati hiyo. Mwalimu wa hesabu asipelekwe kamati ya mapambo, awafundishe watoto wa jumuiya Jumamosi mchana.

Kwaya nazitetea, kwa sababu kwaya za Tanzania zimewafundisha watu Biblia kuliko mimbari nyingi. Wapo wazee wasiosoma ambao habari ya Yusufu, ya Ayubu na ya mwana mpotevu wanaijua kwa sauti ya tatu. Ila kama mazoezi ni saa mbili, robo saa ya mwanzo isomwe sura ambayo wimbo umetoka, na mwanakwaya asikae nje akirekebisha sare wakati wa mahubiri.

Na vijana wa kipaimara. Miaka miwili ya mafundisho, halafu siku moja ya magauni meupe, suti, picha na pilau, na baada ya hapo wengi hatuwaoni mpaka siku ya kutangaza ndoa. Tumeifanya ionekane kama mahafali. Kabla kijana hajawekewa mikono, jumuiya yake iwe inamjua, awe na huduma moja ameshaianza, na wawili wa kumwuliza. Wiki inayofuata kipaimara ina uzito kuliko siku yenyewe, na haipo kwenye bajeti ya usharika wowote ninaoufahamu.

Yule mama wa genge tulimfuata. Tulikwenda wawili, jioni, mikono mitupu bila daftari, tukamwomba msamaha. Hakurudi Jumamosi ile wala iliyofuata. Alirudi ya tatu, akakaa karibu na mlango, na tulipogawanyika akaja kikundi chetu. Zamu yake ilipofika alisema amesikiliza Kitabu cha Ruthu kwa simu ya binti yake, chote, huku akimenya mihogo. Tukamwuliza wiki ijayo tumwulize nini. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema ana kaka yake Morogoro ambaye hawajasemezana tangu mazishi ya baba, kwa ajili ya shamba, na kwamba anataka kumpigia.

Wiki iliyofuata nilimwuliza kama amempigia.

"Bado," akasema. "Niulizeni tena Jumamosi."